Shajara ya mradi: umeme wa volti 24 wa lori la M35A2

Hali ya kuanzia

Lori ni M35A2 la jeshi la Marekani: tani mbili na nusu, ekseli tatu zote zinavuta, injini ya LDT-465 inayochoma mafuta ya aina nyingi. Familia ya M35 iliingia jeshini mwaka 1950, na umeme wake ni wa kijeshi hasa. Betri mbili za volti 12 zimefungwa mfululizo kupata 24, hasi iko kwenye bodi, alternata ni ya ampea 60, hakuna kompyuta wala ufunguo. Unageuza mkono mdogo wa swichi kwenye dashibodi, unabonyeza kitufe cha stata, na kuzima ni kuvuta kebo inayokata mafuta. Injini ya dizeli kama hii ikishawaka haidai umeme ili iendelee kuzunguka. Ndiyo maana malori haya huuzwa yakisifiwa kuwa yanatembea vizuri, huku nyaya zimeoza kuanzia betri hadi taa ya mwisho.

Malalamiko yaliyokuja na lori hili:

- Stata inazunguka kwa uzito hata betri zikiwa zimejaa.
- Taa kuu ni hafifu, ya kushoto zaidi ya ya kulia.
- Ukikanyaga breki, taa ndogo za nyuma nazo zinabadilika mwanga.
- Indiketa ya nyuma kulia haiwaki kabisa.
- Geji ya mafuta imeganda kwenye "F".
- Betri moja inachemka na kutoa harufu, nyenzake haijai kamwe.

Kwa malalamiko kama haya wengi hukimbilia kununua stata, alternata na betri mpya. Sharti la mradi huu ni moja: hakuna kifaa kinachonunuliwa kabla mita haijaonyesha kwamba kimekufa.

Kazi ya 1: Vipimo kabla ya spana

Betri zilichajiwa kila moja peke yake usiku kucha, zikaachwa saa nne zitulie. Betri A, ya upande wa hasi, ilisoma volti 12.7. Betri B, ya upande wa chanya, ilisoma 12.5. Si mbaya.

Kebo ya kuzima ilivutwa ili injini isishike moto, kisha stata ikazungushwa sekunde tano kwa kila kipimo na kupumzishwa dakika mbili. Mita ikiwekwa kwenye waya usio na mzigo itakuambia kila kitu ni kizima. Upotevu wa volti unaonekana pale tu umeme mwingi unapopita, kwa hiyo vipimo vyote hapa chini vimechukuliwa stata ikiwa inazunguka:

- Kichwa hasi cha A hadi kichwa chanya cha B: 21.8
- Bolti kuu ya stata hadi bodi ya stata: 18.6
- Kichwa chanya cha B hadi bolti kuu ya stata: 0.7
- Kichwa hasi cha A hadi chesisi: 0.2
- Chesisi hadi bloku ya injini: 2.3

Hesabu inafunga: 0.7 na 0.2 na 2.3 ni 3.2, na hizo ndizo zilizopotea kati ya betri na stata. Kwa kipimo hiki betri ni nzima. Stata haina kosa, inanyimwa chakula. Mwizi mkubwa ni mstari wa mwisho.

Stata ya volti 24 huvuta ampea mia kadhaa. Chukua 400: volti 2.3 mara 400 ni wati 920. Hilo ni joto la pasi ya umeme, na lote limekaa kwenye kipande cha waya kisichozidi mkono mmoja. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo haigusani na chesisi chuma kwa chuma. Njia yake ya kurudi kwenye betri ni waya wa ethi tu, yaani ule unaounganisha bloku na chesisi. Njia ikizibwa, umeme hutafuta uchochoro. Kwenye lori hili ulipita kwenye kebo ya kuzimia injini. Ganda lake lilikuwa limelainika na kung'aa pale linapopenya ukuta wa mbele wa kabini, na ndani ya ganda waya ulikuwa umebadilika rangi kuwa ya bluu. Ukiona kebo ya mkono yenye dalili hiyo kwenye gari lolote, usibadilishe kebo kabla hujapima ethi ya injini, maana mpya nayo itaungua.

Kazi ya 2: Ethi

Bolti ya ethi upande wa chesisi ilifunguliwa. Chini ya lagi, yaani kichwa cha chuma cha waya, kulikuwa na rangi ya kijani, nzima, laini kama ya mlangoni. Chini yake tabaka jingine la kijani iliyokolea zaidi, na chini yake unga wa kutu. Mtu aliwahi kupaka lori rangi upya, akafunga lagi juu ya rangi, na kwa miaka yote hiyo umeme wa stata ulikuwa unapita kwenye meno ya bolti peke yake. Meno hayo yalikuwa meusi.

Tahadhari kabla ya msasa: malori ya jeshi la Marekani ya miaka ya 1980 na kuendelea yalipakwa rangi maalumu ya kuzuia kemikali iitwayo CARC, na rangi za chini za zamani zinaweza kuwa na kromiamu au risasi. Vumbi lake si la kuvuta. Vaa barakoa yenye kichujio, lowesha sehemu kwa maji, tumia msasa wa mkono badala ya mashine, na ufute kwa kitambaa kibichi.

Jinsi ethi ilivyofanywa:

Duara la kipenyo cha milimita 30 lilisuguliwa hadi chuma kikang'aa pande zote mbili, kwenye chesisi na kwenye bloku. Waya wa zamani wa kusuka ulitupwa, kwa sababu nyuzi zake za shaba zilikuwa zimegeuka kijani na zinakatika ukizikunja. Mpya ni waya laini wa milimita za mraba 70, lagi zimebanwa kwa kibanio cha haidroli. Nyundo na patasi hazibani lagi ya ukubwa huu. Huiponda juu na kuacha hewa ndani, na hewa hiyo ndiyo kutu ya mwaka kesho. Lagi inakaa uso kwa uso na chuma. Washa ya meno inakaa upande wa kichwa cha bolti ili isilegee, haiwekwi kati ya lagi na chuma, kwani ampea 400 zinahitaji eneo lote la lagi, hazitoshi kwenye ncha za meno. Baada ya kukaza ndipo sehemu ilipopakwa grisi na kisha rangi kwa juu. Ukipaka kwanza na kukaza baadaye utarudi ulikotoka.

Kwa kuwa spana zilikuwa tayari chini ya lori, ethi nyingine tatu ziliongezwa: kabini hadi chesisi, milimita za mraba 16, maana kabini nayo imekaa juu ya mipira, bodi ya alternata hadi bloku, 16, na waya mmoja wa 4 kutoka chesisi hadi kila taa ya nyuma. Waya chanya wa stata haukubadilishwa. Vichwa vyake vilisuguliwa tu.

Vipimo vya marudio, stata ikizunguka:

- Betri zote mbili: 21.0
- Kwenye stata: 20.5
- Upande wa chanya: 0.3
- Upande wa hasi wote: 0.2

Volti za betri zimeshuka kutoka 21.8 hadi 21.0, na hiyo ni habari njema: stata sasa inavuta ampea nyingi zaidi kwa sababu njia imefunguka. Mlio wenyewe umebadilika. Mwanzoni ulikuwa wa kukokota, sasa unazunguka mfululizo. Stata mpya haikuhitajika.

Kazi ya 3: Betri, na dhambi ya kuchota volti 12

Sanduku la betri la M35A2 liko upande wa abiria, chini ya mlango. Betri za asili ni za umbo la kijeshi la 6T, na kila moja ina uzito wa kilo 30 na ushei, kwa hiyo zinatolewa na watu wawili. Mpangilio wa kufungua ni hasi kwanza, kisha kiungo cha kati, kisha chanya. Kufunga ni kinyume chake. Saa na pete zinavuliwa. Hasi ikiwa bado imefungwa, spana inayogusa kichwa chanya na ukuta wa sanduku kwa pamoja inayeyuka mkononi.

Asidi iliyomwagika ilizimuliwa kwa soda ya kuokea, vijiko vinne vya chakula kwa lita moja ya maji, ikamwagwa mara tatu hadi povu likakoma, ndipo maji safi. Vizibo vya betri vifungwe kabla ya kumwaga. Soda ikiingia ndani inaua betri. Matundu ya kutolea maji chini ya sanduku yalikuwa yamezibwa na matope. Ndiyo sababu sakafu ya sanduku ilioza.

Sasa kuhusu betri moja kuchemka na nyingine kukonda. Mtu alitaka redio na chaja ya simu, akafunga waya kwenye kiungo cha kati na kupata volti 12 za betri A peke yake. Inafanya kazi vizuri kwa wiki chache. Tatizo ni kwamba alternata haijui kuna betri mbili. Inachunga jumla tu, tuseme volti 28. Betri A, inayochotwa kila siku, inabaki chini, labda 13.2. Zinazosalia, 14.8, zinaiangukia B. B inachajiwa kupita kiasi, inachemka na kukauka. A inashinda na njaa, sahani zake zinaganda salfa. Zote mbili zinakufa kwa sababu tofauti, na lawama anapewa muuza betri.

Waya huo umeondolewa. Betri B ilikuwa imepungua maji hadi sahani zinaonekana. Iliongezwa maji yaliyotoneshwa na kuchajiwa, lakini baada ya saa 24 ikashuka hadi 12.2 bila mzigo wowote. Hapa mita imesema, kwa hiyo zimenunuliwa betri mbili. Mbili, hata kama A ingeweza kuendelea: katika mfululizo, betri ya zamani huivuta mpya ifanane nayo. Zilizowekwa ni za saizi ya 31 za malori ya kiraia, ambazo zinaingia kwenye sanduku hilo na bei yake ni nafuu kuliko za kijeshi. Nafasi iliyobaki imezibwa kwa mbao ili zisichezecheze.

Kazi ya 4: Kuchaji

Injini mizunguko 1,500 kwa dakika, taa kuu zimewashwa: kwenye alternata 28.4, kwenye vichwa vya betri 27.1. Volti 1.3 zinapotea njiani.

Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Alternata ya ampea 60 ya malori haya ina reguleta, yaani kidhibiti cha volti, ndani yake, na nyuma kuna kizibo kinachoficha skrubu ndogo ya kurekebisha volti. Kishawishi ni kuzungusha skrubu hadi betri zisome 28. Lakini reguleta inapima pale ilipo, haioni betri. Ukiipandisha ili kufidia waya mbovu, siku ile mzigo ukipungua upotevu nao unapungua, na betri zinapokea karibu 29.3. Waya kwanza, skrubu baadaye.

Lagi ya waya mkuu kwenye alternata ilikuwa imelegea kiasi cha kuzungushwa kwa vidole. Ilikatwa, waya ukapunguzwa sentimita mbili hadi kwenye shaba safi, lagi mpya ikabanwa. Mkanda uliokuwa unateleza ulikazwa. Matokeo: 28.3 kwenye alternata, 28.0 kwenye betri. Skrubu haikuguswa.

Onyo moja ambalo halizoeleki: usifungue betri injini ikiwa inazunguka ili "kujaribu kama alternata inachaji." Volti zinaruka ghafla, na diodi pamoja na reguleta zinaweza kufa papo hapo. Alternata ya volti 24 Marekani si ya kuokota popote.

Kazi ya 5: Nyaya, namba na viungio vya mpira

Hii ndiyo kazi iliyokula muda mwingi kuliko zote, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

Kila waya kwenye lori hili una kikuku kidogo cha chuma chenye namba, na namba hizo ni za mfumo mmoja kwa magari mengi ya jeshi la Marekani ya enzi hiyo. Ukizijua chache hutapotea: 17 ni fulu, 18 ni dimu, 21 ni taa ndogo za nyuma, 22-460 ni indiketa na breki ya kushoto, 22-461 ya kulia, 25 honi, 28 geji ya mafuta, 33 joto la maji, 36 presha ya oili, 40 taa za dashibodi. Rangi ya waya haina maana, maana karibu zote ni nyeusi. Kwa hiyo anayekata kikuku na kukitupa amechoma ramani. Kwenye mradi huu kila kikuku kilichotoka kimerudishwa, na pale kilipokosekana namba imeandikwa kwenye karatasi na kufunikwa kwa mpira mwangavu wa kusinyaa kwa joto.

Viungio ni vya Packard: ganda la mpira la dume na la jike, ndani yake pini ya shaba, vinavyoingiana kwa kusukumwa. Ni muundo mzuri sana. Visipoguswa vinazuia maji miongo mingi. Vinaoza pale mtu alipovitenganisha na kuvirudisha bila grisi, au alipotoboa mpira kwa ncha ya taa ya majaribio. Kiungio cha 22-461 nyuma kulia kilikuwa na tundu moja la ukubwa wa sindano. Kilipovutwa kilitoa mlio mdogo wa kunyonya, kisha unga wa kijani ukamwagika kiganjani. Pini ya dume ilikuwa imeliwa hadi nusu ya unene wake. Indiketa ya kulia ilifia hapo.

Namna ya kutengeneza kimoja upya:

1. Kata waya milimita 10 nyuma ya pini mbovu na uvue ganda milimita 8. Shaba ikiwa nyeusi, kata tena. Shaba nyeusi haishiki risasi ya kulehemu hata ukiichoma kutwa.
2. Ingiza ganda jipya la mpira kwenye waya sasa hivi, kabla ya pini. Kosa la kila mtu ni kubana pini kwanza, kisha kugundua mpira umebaki mezani.
3. Bana pini kwa kibanio chake. Mbawa za mbele zinabana shaba, za nyuma zinabana ganda la waya. Tone dogo la risasi linaruhusiwa, dogo tu. Ikipanda ndani ya waya inaufanya mgumu na utakatika kwa mtikisiko.
4. Vuta pini kwa nguvu ya mkono. Ikitoka sasa, ni afadhali kuliko barabarani.
5. Paka grisi ya silikoni ndani ya mpira na uvute pini hadi ikae. Usitumie grisi ya fani wala oili. Mpira unavimba na kulainika.
6. Sukuma dume na jike hadi midomo ya mpira ikutane. Hewa ikibaki ndani itausukuma urudi, kwa hiyo bonyeza pembeni ya mpira itoke.

Vimetengenezwa 14 hivi. Vingine vilifunguliwa, vikapuliziwa dawa ya kusafishia umeme, vikatiwa grisi na kufungwa. Waya wa kurudufia ni wa milimita za mraba 2.5 wenye nyuzi zilizopakwa bati.

Fungu la nyaya la nyuma lilikuwa limesuguliwa hadi shaba pale linapopita juu ya ukingo wa chesisi. Limefungwa tepu ya kitambaa, likavalishwa bomba la mpira lililopasuliwa, na vishikio vipya vimewekwa kila sentimita 40.

Kazi ya 6: Taa

Kwanza jambo linalowachanganya wageni wa malori haya na kuwafanya wabadilishe vifaa vizima. Swichi ya taa ina mikono mitatu. Mkono mkuu ukiwa kwenye OFF, taa za breki na indiketa haziwaki. Si ubovu, liliundwa hivyo ili lori lisijionyeshe usiku vitani. Kwa barabara ya kiraia mchana mkono unawekwa kwenye STOP LIGHT, na usiku kwenye SER DRIVE. Kuusogeza huko lazima kwanza mkono mdogo wa kufungulia ushikiliwe kwenye UNLOCK. Lori lililoegeshwa OFF na kuondoka hivyo halina breki inayoonekana nyuma. Kibandiko kimewekwa kwenye dashibodi: "STOP LIGHT KABLA YA KUONDOKA."

Swichi yenyewe ilipimwa taa kuu zikiwaka: upotevu 0.15. Inaachwa. Plagi yake kubwa ya nyuma ilifunguliwa, pini zikasafishwa, ikarudishwa.

Taa za nyuma kubadilika mwanga breki ikikanyagwa zilikuwa tatizo la ethi: umeme wa breki ulikosa njia ya kurudi ukapitia kwenye balbu ndogo kutafuta upande wa pili. Ule waya wa ethi wa milimita za mraba 4 umemaliza hilo bila balbu kubadilishwa.

Balbu ya breki na indiketa ni namba 1683, volti 28, ampea 1.02, karibu wati 29. Taa za breki na indiketa sasa ni LED za volti 24, na papo hapo indiketa zikaacha kumetameta na kubaki zimeganda. Flasha ya zamani hufanya kazi kwa joto la umeme wa balbu. LED hazivuti umeme wa kutosha kuipasha. Imewekwa flasha ya kielektroniki ya volti 24. Kuweka vikinza vya kupoteza umeme ili kuidanganya flasha ya zamani kunarudisha joto lile lile ulilotaka kuliondoa, tena ndani ya bodi.

Taa kuu ni za duara za inchi 7, saizi ya kawaida kabisa. Hapa mfanyakazi wa Dar es Salaam au Mombasa ana bahati kuliko wa Marekani. Malori ya kiraia ya Marekani ni ya volti 12, kwa hiyo balbu ya 24 huko huagizwa. Afrika Mashariki karibu kila Fuso na Scania ni ya volti 24, na balbu ya H4 ya wati 75/70 iko kwenye kila duka la spea. Chaguo la mradi huu ni LED za inchi 7 zinazokubali volti 10 hadi 30. Kabla ya kuzifunga, nyaya tatu za taa zilijaribiwa moja moja kwa betri ili kujua fulu, dimu na ethi. Baada ya kufunga, lori liliegeshwa mita 7.5 kutoka ukutani na mwanga ukashushwa, maana taa za lori ziko juu na LED isiyorekebishwa inampofusha dereva wa gari dogo.

Taa za giza, yaani zile ndogo za kivita, zimebaki na balbu zake za asili namba 1251. Vijicho vyake vimepangwa ili dereva wa nyuma apime umbali: kutoka mbali anaona nukta moja, akisogea anaona mbili, akiwa karibu mno anaona nne. LED yenye mwanga mkali inavujisha na kuharibu hesabu hiyo. Hazitumiki barabarani, lakini ni akili nzuri mno ya kuharibiwa.

Kazi ya 7: Swichi kuu na volti 12 halali

Swichi ya kukata betri ya ampea 300 imefungwa upande wa hasi, kati ya betri A na chesisi. Kila waya wa hasi wa kifaa kipya umefungwa kwenye chesisi. Ukifungwa moja kwa moja kwenye betri unairuka swichi na lori halizimiki kamwe. Swichi hii haiguswi injini ikizunguka, kwa sababu ile ile ya diodi.

Volti 12 zinatoka kwenye kigeuzi cha 24 kwenda 12 cha ampea 20. Hesabu ya fyuzi: ampea 20 mara volti 13.8 ni wati 276. Ukigawa kwa 27 na kuongeza upotevu wa asilimia 10 unapata karibu ampea 11 upande wa kuingia. Fyuzi ya 15 kuingia, ya 25 kutoka, waya wa milimita za mraba 4 pande zote. Sanduku dogo la fyuzi limewekwa kwa vifaa vipya pekee, na fyuzi yake kuu ya 40 iko sentimita 20 kutoka betri. Nyaya za asili hazikuingizwa humo.

Umeme unaovuja lori likiwa limezimwa lakini swichi kuu haijakata betri: miliampea 3. Lori lisilo na kompyuta wala saa halina sababu ya kuvuta zaidi ya hapo. Mwanzoni zilikuwa 180, karibu zote kupitia ile redio ya betri moja.

Kazi ya 8: Geji ya mafuta

Kipimo cha tangi la lori hili, yaani kifaa kilichomo tangini kinachoiambia geji kiasi cha mafuta, husoma omu 0 likiwa tupu na karibu 30 likijaa. Waya namba 28 ukivuliwa tangini, geji inapanda "F". Ukigusishwa kwenye chesisi inashuka "E". Ilifanya yote mawili, kwa hiyo geji na waya ni vizima. Kipimo chenyewe kilisoma omu bila kikomo kati ya pini yake na chesisi, lakini 14 kati ya pini na bodi yake. Skrubu zake tano zilikuwa na rangi chini. Moja imesuguliwa hadi chuma, na geji inasoma nusu tangi.

Yaliyobaki

Soketi ya tela ya pini 12 haijafunguliwa. Pini B inapaswa kuwa kushoto, J kulia, E taa ndogo, D ethi; zitapimwa zikiwa na balbu ya wati 21 kama mzigo. Tela iliyopo ni ya volti 12, kwa hiyo kabla ya kuunganishwa itabadilishiwa balbu zote kuwa za 24.

Honi inalia mara moja kati ya tatu. Inashukiwa ethi ya usukani. Haitanunuliwa honi hadi ipimwe.